Timu ya Chuo Ipande Daraja, au Chuo Kishuke Uwanjani?

Katika vyuo vyetu vidogo vya ualimu huzuka shauri moja lenye kuvutia kila mara timu ya mpira wa miguu inapofanya vizuri. Shauri lenyewe ni kwamba timu ya chuo isiendelee kukaa katika ligi ya wilaya, yaani daraja la nne, bali ipande daraja la tatu, icheze ligi ya mkoa, na ikijaliwa isonge mbele zaidi. Shauri hili limezungumzwa pia huku kwetu, baina ya Njombe na Makambako: katika baraza la chuo, bwaloni, na hata katika foleni ya chai. Wanaoliunga mkono ni wengi na sauti zao ni kubwa. Makala haya yanakusudia kulipinga, na nasema hivyo tangu mwanzo ili msomaji asidhani kwamba namzungusha.

Neno "daraja" lina utamu wake masikioni mwa mwalimu. Waliotutangulia katika kazi hii walipangwa kwa Daraja C, Daraja B na Daraja A, na kupanda kutoka moja kwenda jingine kulikuwa na maana ya mshahara, heshima na pengine nyumba yenye bati. Si ajabu basi kwamba mtu akisimama barazani na kusema "tupande daraja", makofi hupigwa kabla hajaeleza ni nani atakayepanda na ni nani atakayebaki chini akitazama.

Tuanze na jambo lililotokea hapa hapa. Mwaka 2017 timu ya Njombe Mji ilipanda hadi Ligi Kuu ya Tanzania Bara. Ilikuwa furaha ya mkoa mzima, mkoa ambao wenyewe ulikuwa mchanga, kwa kuwa ulizaliwa mwaka 2012 ulipomegwa kutoka Iringa. Simba na Yanga zilifika Njombe, na Uwanja wa Sabasaba ukapata watazamaji ambao haukuwahi kuwapata. Ligi ya msimu ule wa 2017/18 ilikuwa na timu 16, maana yake kila timu ilicheza michezo 30, na 15 kati ya hiyo ilikuwa ugenini. Mwanachuo achukue ramani aitazame safari hizo: Bukoba kwa Kagera Sugar, Mwanza kwa Mbao, Shinyanga kwa Mwadui na Stand United, Mtwara kwa Ndanda, Singida, Morogoro, Pwani, Dar es Salaam mara tatu, Mbeya mara mbili. Jirani walikuwa Lipuli wa Iringa na Majimaji wa Songea tu, na hata Songea kutoka Njombe ni zaidi ya kilomita 200. Msimu ulipokwisha mwaka 2018, timu mbili zilishuka: Majimaji na Njombe Mji.

Siwasimulii haya kwa kuwadharau wachezaji wale. Kucheza msimu mmoja na wakubwa ni jambo la kujivunia. Ninachotaka kuonyesha ni jinsi daraja la juu linavyofanya kazi. Daraja la juu halikuletei mpira ulio bora zaidi na kukuacha ulivyo. Linakuletea pia safari, nauli, malazi, vibali vya usajili, faini, posho na deni la jezi. Timu ya mji mzima, yenye wafanyabiashara na halmashauri nyuma yake, iliona uzito huo. Chuo chenye wanachuo wachache kitaubebea wapi? Hata ligi ya mkoa peke yake si jambo la mchezo katika mkoa wetu. Kutoka Makambako kwenda Njombe ni kama kilomita 60 za lami, lakini ligi ya mkoa ni Ludewa pia, ni Makete pia, na aliyewahi kupanda Makete wakati wa masika hahitaji kuelezwa.

Kuna nchi ambayo suala hili la vyuo na madaraja limekuwa shughuli kubwa kupita kiasi, nayo ni Marekani. Huko vyuo hushindana chini ya chama kiitwacho NCAA, ambacho tangu mwaka 1973 kimegawa vyuo katika madaraja matatu. Daraja la kwanza ni la vyuo vinavyotoa ufadhili wa masomo kwa wanamichezo na kucheza mbele ya maelfu ya watazamaji. Daraja la tatu halitoi ufadhili wowote kwa ajili ya michezo: mwanafunzi husoma kwanza, hucheza kwa sababu anapenda. Vyuo vidogo hupanda na kushuka humo, na habari zao zina funzo kwetu, ingawa fedha zao na zetu haziwezi kuwekwa katika mizani moja.

Chuo cha Birmingham-Southern, katika jimbo la Alabama, kilikuwa chuo kidogo kilichotamani daraja la kwanza. Mwaka 2003 kikawa mwanachama kamili wa daraja hilo. Haikupita hata miaka minne, kwani mwaka 2006 wadhamini wa chuo waliamua kushuka moja kwa moja hadi daraja la tatu. Mwaka 2024, tarehe 31 Mei, chuo chenyewe kilifungwa kwa sababu ya hali ya fedha. Nisieleweke vibaya: michezo pekee haikukifunga chuo hicho, madeni yake yalikuwa na vyanzo vingi. Lakini siku ile ile milango ilipofungwa, timu yake ya besiboli ilikuwa jimboni Ohio ikianza kucheza mashindano ya mwisho ya kitaifa ya daraja la tatu. Timu ilikuwa na uhai, chuo hakikuwa nao. Sijui picha iliyo bora kuliko hiyo ya kuwaonyesha wale wanaosema kwamba timu ikisifika, chuo kimesifika.

Chuo Kikuu cha Hartford, katika jimbo la Connecticut, kiliingia kwa mara ya kwanza katika mashindano makubwa ya mpira wa kikapu mwezi Machi 2021. Kilifungwa na Baylor, waliokuja kuwa mabingwa. Miezi miwili tu baadaye, Mei 2021, wakuu wake waliamua kuondoka daraja la kwanza na kwenda la tatu. Wachezaji na wapenzi wa timu waliumia sana, na walikuwa na haki ya kuumia, kwani waliambiwa washuke wakiwa bado wanashangilia kupanda.

Lakini mfano ninaopenda wanachuo wautafakari kwa kalamu mkononi ni ule wa Spelman, chuo cha wanawake mjini Atlanta. Mwaka 2012 Spelman, kilichokuwa daraja la tatu, kilitangaza kwamba kitaacha mashindano ya NCAA kabisa. Rais wake wakati huo, Dakta Beverly Daniel Tatum, alikuwa amefanya hesabu ambayo mwanafunzi wa darasa la sita angeiweza. Chuo kilikuwa na wanafunzi wapatao 2,100. Waliokuwa katika timu walikuwa kama 80. Bajeti ya timu hizo ilikaribia dola 1,000,000 kwa mwaka. Gawanya dola milioni moja kwa wanamichezo 80, utapata dola 12,500 kwa kila mmoja. Gawanya kwa wanafunzi 2,100, utapata karibu dola 476 kwa kila mmoja. Naye alikuwa akiona wanafunzi waliobaki, zaidi ya 2,000, wakikabiliwa na maradhi ya kisukari na shinikizo la damu yanayowapata sana wanawake weusi wa nchi ile, ilhali hawana mazoezi yoyote waliyoyazoea. Fedha zikahamishwa kutoka kwa wachache kwenda katika mpango wa mazoezi na afya kwa chuo kizima.

Wapo walioona kwamba uamuzi huo uliwadhulumu wale 80, na mimi nakubali kwamba waliupoteza mlango waliokuwa wakiuingia. Hakuna hesabu ya namna hii isiyomwacha mtu akilia. Hata hivyo yafaa tukumbuke kwamba kabla ya hapo walikuwapo waliolia kimya kimya, nao walikuwa ishirini na tano kwa kila mmoja.

Sasa turudi nyumbani. Chuo cha ualimu kina jambo moja linalokitofautisha na Spelman, na Hartford, na vyuo vyote vya namna ile. Mwanafunzi wao akihitimu bila kujua kuchezesha mchezo, hasara ni yake. Mwanafunzi wetu akihitimu bila kujua, hasara ni ya watoto wote atakaowafundisha kwa miaka thelathini. Tukimpa mchezaji mmoja jezi, tumempa yeye jezi. Tukimfundisha mwanachuo mmoja jinsi ya kuwafanya watoto 60 wacheze wote kwa wakati mmoja, tumezipa michezo shule ambazo bado hatujazijua majina.

Nimekwenda kukagua mazoezi ya kufundisha katika shule za vijiji vya pande hizi, na nitaeleza bila kutaja shule wala mtu. Kipindi cha michezo kimefika. Mwalimu mwanafunzi, kijana hodari, winga wa kutegemewa katika timu ya chuo, anawatoa watoto 64 uwanjani. Ana mpira mmoja. Anachagua 22, anapiga filimbi, anacheza nao. Wengine 42 wanasimama pembeni. Ilikuwa mwezi wa Julai, na wasomaji wa Njombe wanajua Julai yetu: umande unaganda kuwa barafu nyeupe juu ya majani ya viazi, na upepo unapita kwenye sweta kama sweta haipo. Watoto wale 42 walikuwa wamekunja mikono kwapani wakitetemeka. Wasichana wengi walikuwa miongoni mwao. Kwa dakika 40 walifundishwa jambo moja, kwamba michezo ni ya wengine.

Kijana yule alikuwa akifanya kama alivyofanyiwa. Chuoni alikuwa mmoja wa 22, na wenzake walisimama pembeni wakipiga makofi. Alilichukua chuo akalipeleka shuleni, na hivyo ndivyo tunavyowataka wanachuo wafanye. Ubaya ni wa kile alichokichukua.

Yangefanyika nini badala yake? Watoto 64 hugawanyika vizuri katika makundi manane ya wanane wanane. Makundi manane yanahitaji mipira minane, na mpira si lazima utoke dukani. Matambara yaliyofungwa kwa kamba ya katani yanatosha, na kiroba kikuukuu cha viazi kikikatwa hufaa kuwa ganda la nje. (Zamani tulitumia mifuko ya plastiki, lakini mifuko hiyo ya kubebea ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, na ni vema, ijapokuwa watengenezaji wa mipira ya chandimu walipata shida kidogo.) Kundi moja lirushiane huku likihesabu, jingine lipige mpira kwa unyayo, jingine licheze rede, jingine likimbize kijiti. Kila dakika tano makundi yanabadilishana. Katika kipindi kimoja kila mtoto ameugusa mpira mara nyingi, ametoka jasho, na hakuna aliyepata nafasi ya kusikia baridi. Mwalimu hachezi. Anazunguka, anatazama, anasahihisha, anaona nani anakimbia kwa kuchechemea na nani hajala.

Kazi hiyo ni ngumu kuliko kucheza winga. Inahitaji kupima uwanja kwa hatua, kupanga muda, kupaza sauti bila kukemea, kuzijua kanuni za michezo mitano au sita, na kumshirikisha mtoto mwenye ulemavu bila kumfanya kituko. Hapana mtu anayezaliwa akiijua. Inafundishwa, na inafundishwa kwa kufanywa mara nyingi. Mtaala mpya wa elimu ya msingi, ulioanza kutumika Januari 2024, una somo la Sanaa na Michezo, nalo linahitaji mwalimu wa kulifundisha, sio mchezaji wa kulitazama. Ukimuuliza mkufunzi wa somo hilo muda wa mazoezi ya vitendo unakwenda wapi, katika vyuo vingi atakuonyesha jioni za wiki nzima ambapo uwanja umechukuliwa na timu.

Wenzangu wanaotaka tupande daraja wana hoja zao, na baadhi ni nzito. Husema kwamba vipaji vitapotea. Humtaja Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch mwaka 1974, na siku hizi humtaja Alphonce Simbu, aliyeipatia Tanzania medali yake ya kwanza ya dhahabu katika mashindano ya ubingwa wa dunia ya riadha kwa kushinda marathoni mjini Tokyo mwezi Septemba 2025. Humtaja zaidi Suleiman Nyambui, aliyepata medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, na ambaye alisoma na kukimbia katika Chuo Kikuu cha Texas mjini El Paso, chuo cha daraja la kwanza. Kwa Nyambui daraja lile lilikuwa daraja kweli kweli, la kuvukia. Sikatai. Lakini chuo kile kilikuwa na fedha za ufadhili na makocha wa kazi hiyo. Na kipaji chochote, kabla ya kufika Texas au Tokyo, hupita kwanza mbele ya macho ya mwalimu wa shule ya msingi. UMITASHUMTA huchuja watoto kutoka shule hadi kata, wilaya, mkoa na taifa, na kila ngazi huwaacha wengi nyuma. Ngazi ya chini kabisa, ile ambayo mtoto huonekana au haonekani, ni ya huyu huyu kijana tunayemfundisha.

Husema pia kwamba timu huleta umoja chuoni. Ni kweli, jioni ya ushindi huwa ni tamu, na mwanachuo dhaifu darasani lakini hodari uwanjani hupata heshima ambayo mitihani imemnyima. Hoja hii ndiyo inayonisumbua kuliko zote, kwa maana nimewaona vijana ambao mpira ndio uliowazuia wasifunge mizigo yao na kurudi kijijini. Jibu langu ni kwamba mchezaji hodari azuiwe na nani kucheza? Njombe kuna klabu, Makambako kuna klabu. Asajiliwe huko kwa ruhusa ya chuo, Jumamosi apande gari akacheze na watu wa mji, na wenzake waende kumshangilia kwa nauli zao. Chuo kibaki katika mashindano ya vyuo vya ualimu, ambayo ni ya rika letu na hufanyika kwa siku chache.

Kuhusu wanachuo wa kike sitasema mengi, kwa sababu jambo lenyewe liko wazi. Ligi inayozungumzwa ni ya wanaume. Fedha inayozungumzwa ni ya wote. Timu ya mpira wa pete husafiri kama gari la mpira wa miguu lina nafasi.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, alilaumu shule ya msingi iliyokuwa ikiendeshwa kana kwamba kazi yake ni kuwaandaa wachache watakaochaguliwa kuendelea, na kuwasahau wengi ambao safari yao ingeishia pale. Lawama ile ilihusu masomo, lakini ukiiweka kando ya uwanja wa michezo inakaa vizuri bila kuchongwa. Tumekwisha jaribu pia kosa la upande wa pili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya michezo kati ya shule yalisimamishwa kwa miaka kadhaa ili watoto wasome. Sisi tuliokuwa shule ya msingi wakati ule tuliendelea kucheza rede, kombolela na mdako nyuma ya madarasa, maana michezo hiyo haikuwa na mwalimu wala kikombe, hivyo haikuwa na wa kuisimamisha. Sipendekezi turudi huko. Mashindano ni mazuri yakiwa kilele cha mlima. Siku hizi tunataka kununua kilele tukiwa hatuna mlima.

Pendekezo langu kwa vyuo vidogo, na kwa chuo chetu kikiwa kimojawapo, ni kwamba timu iondoke katika ligi msimu utakapokwisha, isipande wala isingoje kushushwa. Uwanja ugawanywe: jioni mbili kwa timu za mashindano ya vyuo, wanaume na wanawake kwa zamu sawa, na jioni tatu kwa wanachuo wote kujifunza kuchezesha. Kila mwanachuo, kabla ya kuruhusiwa kwenda mazoezi ya kufundisha, awe amechezesha kundi la watoto wa shule ya jirani angalau mara nne mbele ya mkufunzi, na atiwe alama kama anavyotiwa katika Hisabati. Awe amepima njia ya kukimbilia kwa kamba na mambo. Awe ameshona mpira kwa mikono yake, naye aupeleke shuleni atakakopangwa.

Fedha ya nauli ya ligi ya msimu mmoja itanunua filimbi kwa kila mwanachuo na kamba za kutosha, na itabaki ya kuezua na kuezeka upya kibanda cha vifaa, ambacho hivi sasa kinavuja juu ya magodoro ya kurukia. Hoja hii italetwa katika baraza la chuo la muhula ujao. Wanachuo wasio katika timu, ambao katika mabaraza yaliyopita walikaa nyuma karibu na mlango, wanaombwa wafike mapema wakae mbele.